Mama Alipoingia Dikoni

Nilipohamia Kibiti, mwalimu mmoja kutoka bara aliniuliza kama bandari ya kwetu Mbuchi ni kubwa. Nikamwambia sisi tuna diko. Diko ni nini? Nikamjibu harakaharaka kwamba ni pahali mitumbwi inapofikia. Jibu lilikuwa sahihi, ila halikutosha.

Diko letu ni uwazi tu kati ya mikoko, na maji yakitoka tope linafika magotini. Mtumbwi uliorudi na mzigo hauwezi kupandishwa na wavuvi wake peke yao, kwa hiyo aliye karibu huushika. Aliyeshika hupewa kitoweo. Haombi, wala haulizwi ni wa nani. Ndiyo maana kwetu mume akisema "naenda dikoni", mke huanza kukuna nazi.

Baba alipokuwa hai, samaki walifika nyumbani bila sisi kuwafikiria. Mama alipotoka eda, tulikuwa tumekula kisamvu mpaka tumekinai. Asubuhi moja akachukua beseni, nami nikamfuata. Wachuuzi wanawake walikuwa wamesimama pakavu wakisubiri kununua. Mama hakuwa na hela, na kusimama pale na beseni tupu kungekuwa kuomba. Hilo ndilo alilokuwa akilihofia tangu nyumbani.

Mtumbwi wa rafiki wa baba ukaingia. Mama akaweka beseni chini, akajifunga kanga kibwebwe, akashuka topeni.

"Shemeji, kaa huko huko juu!" nahodha akapaza sauti. "Nitakuletea."

"Utaniletea leo, kesho utasahau. Sogea nishike."

"Yarabi! Eda imempa misuli," akacheka mchuuzi mmoja.

"Shuka nawe, dada, upungue kidogo!" Mama akamjibu, na watu wakasukuma huku wakicheka.

Mtumbwi ukapanda. Nahodha akagawa samaki, kila aliyeshika hongwe mmoja. Alipofika kwa Mama akachagua wawili, tena wanene. Mama akamrudishia mmoja.

"Nimeshika kama wenzangu."

Nahodha akamtazama kidogo, kisha samaki yule akampa mzee aliyekuwa anafuata kugawiwa.

Kesho yake mtumbwi ulipokaribia, Mama alikuwa bado anafunga kanga. Nahodha akaita kutoka majini:

"Shemeji, fanya haraka! Upande wa kulia hauna mtu."