Hatua Mbili Pembeni

Zamani mpiga picha alizificha namba za kamera yake kama mtu anavyoficha ugonjwa, siku hizi anazianika chini ya picha ulimwengu mzima uzisome, wala haoni haya.

Hayo aliyawaza mzee mmoja, mpiga picha mstaafu, ambaye mtaani walimwita Mzee Tabasamu. Si kwamba alikuwa mcheshi. Kwa miaka thelathini na minane aliwaamuru watu watabasamu, mwenyewe kanuna. Studio yake sasa inauza makava ya simu. Kilichobaki ni masanduku mawili ya picha na filamu zake, na madaftari kumi na moja ambamo kila picha ilikuwa na mstari wake: tarehe, aina ya filamu, kasi, na lenzi ilifunguliwa kiasi gani.

Binti yake, kitindamimba, mkunga wa mji wa mbali, alikuja likizo na kompyuta. Alitaka kumfungulia baba yake tovuti, picha zionekane na namba zake chini. Mzee akauliza namba za nini. Akaambiwa kamera za siku hizi hujiandikia zenyewe, na watu hupenda kuzisoma wajifunze. Mzee akaguna. Kumbe hata kamera siku hizi hazina kifua.

Siku nne walikaa mezani, yeye akisoma, binti akiandika. Mgongo ulimuuma, macho yakamwasha, na kila namba ilimtoka kama mzigo, maana namba zile zilikuwa za uongo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mpinzani wake, wakimwita Flashi, mtu wa kuingia kusalimia huku jicho liko daftarini. Kwa hiyo mzee alijizoeza: akifungua lenzi kwenye nane, anaandika kumi na sita. Hatua mbili pembeni kwenye pete ya lenzi, kila picha, na namba ikipanda mwanga hupungua. Aliyejua ni mkewe tu, aliyekuwa akisafisha filamu kwenye chumba cha giza, na mkewe alikwisha kwenda na siri yake. Flashi naye alishafunga duka siku nyingi. Mzee alijua alipaswa kusema tangu siku ya kwanza. Lakini kinywa kilishazoea, na kueleza kulimchosha kuliko kuendelea.

Wiki haikuisha. Mwalimu mmoja wa upigaji picha aliandika kwenye tovuti, kwa adabu zote, kwamba amefuata namba zile kwa kamera ya aina ileile, mwanga wa dirisha uleule, na filamu tatu nzima zimetoka giza. Binti alimsomea baba, akafunga kompyuta taratibu.

"Usijali, baba. Nitamjibu kwamba enzi zile mlikuwa mnakisia tu."

Kukisia! Yeye aliyepima mwanga kwa kiganja chake mwenyewe, akiugeuza huku na huku mbele ya uso wa mteja, na asikosee. Aliona waziwazi kwamba jina lake litabaki kwenye tovuti ile ama la mtu asiyejua kazi, ama la mwongo.

"Sikukisia hata moja, mwanangu," akasema. "Niliandika uongo." Akamweleza yote.

Alitegemea binti atacheka. Angecheka, yangekwisha. Binti aliutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umechoka kuandika.

"Siku nne, baba. Kwani na mimi ni Flashi?"

Mzee akasema dawa ni rahisi, arudishe hatua mbili kila mahali. Binti akauliza kama ni kila mahali kweli. Hapo mzee akakwama. Mkewe, mshirika pekee wa siri ile, alipofariki, hakuona tena faida ya kujisumbua, akaanza kuandika kweli. Lakini ni kuanzia daftari la saba au la nane, hakumbuki.

Siku hiyohiyo binti alizifuta namba zote kwenye tovuti. Asubuhi ya safari aliyapanga madaftari begini, katikati ya sare zake za kazi, na filamu juu yake, akasema atayalinganisha na filamu moja moja akipata nafasi. Mzee alijua nafasi ya mkunga ilivyo.

Zipu ilikwama kwenye pembe ya daftari la nane. Mzee akainama, akalikandamiza kwa kiganja kilekile, mpaka zipu ikapita. Ndiyo ikawa mara ya mwisho kuyaona madaftari yale.