Samaki Niliowaleta kwa Dumu

Nakumbuka siku moja mkuu wa kijiji jirani na kambi yetu ya Dzaleka alinionyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba kidimbwi cha samaki, akanipa sharti moja tu, nami nikalivunja kabla ya mwezi kwisha. Keti vizuri kidogo kabla ya safari yako, mwanangu. Kisa hiki hakinipi sifa hata kidogo, ndiyo maana nimekichelewesha mpaka mvi zikanitosha.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Vita vya kwetu Kongo vilikuwa vimetutoa Fizi, tukapita Tanzania kwa miguu na kwa malori, tukafika Malawi na sufuria mbili na cherehani ya mama. Ya vita sitasema mengi. Wapo wanaoyasimulia vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba mtu wa Fizi amelelewa na ziwa, na chakula bila samaki kwake ni chakula cha mgonjwa. Pale kambini tulipewa mahindi na maharagwe, tukashukuru, lakini ulimi hauna shukrani. Kila jioni mama alisonga ugali, wenyeji wakiuita nsima, akauweka mbele yetu na kuomba radhi kwa macho.

Ukiteremka nyuma ya kambi kulikuwa na bonde lenye unyevu, na kijito kilichoingia kwenye bwawa dogo la kijiji. Mkuu wa kijiji, ambaye wenyeji humwita mfumu, alikuwa ameziruhusu familia kumi na mbili za wakimbizi kulima mboga kando ya kijito hicho. Hakulazimika. Aliyemwomba ni Papa Asende, mzee wa kanisa letu na mvuvi wa zamani wa mji wa Baraka kando ya ziwa letu, ambaye alikwenda kwake mara tatu akiwa amevaa koti pekee alilokuwa nalo. Mimi na mama tulikuwa mojawapo ya familia hizo, na mboga zile ndizo zilizotununulia chumvi na sabuni.

Sasa, kule kwetu kuchimba kidimbwi ni kazi ya kila kijana anayetaka kuonekana mtu. Unafukua udongo, unajenga tuta, unaleta maji kwa mfereji, unaomba vifaranga vya samaki kwa jirani, na hakuna anayekuuliza samaki wako ni wa ukoo gani. Nilipomweleza mfumu nia yangu, alifurahi. Kichewa changu kilikuwa bado kichanga, lakini nilimwelewa. "Chimba," alisema. "Lakini utie samaki wa mto huu tu. Wa kutoka mbali hatuwataki."

"Zikomo," nikamjibu, yaani asante, nikainamisha kichwa.

Mwanangu, maneno yale yalinichoma. Mkimbizi ana masikio ya ajabu. Husikia jina lake hata pale ambapo halikutajwa. Wiki ileile, sokoni Lilongwe, mtu mmoja alikuwa ameniambia nirudi nilikotoka, kwa sababu tu nilisimama mbele ya meza yake nikihesabu vifungo vya nguo. Basi nikamuunganisha yule na huyu. Nikajisemea moyoni: huyu hasemi samaki, anatusema sisi. Leo samaki wa kutoka mbali, kesho watu wa kutoka mbali. Sikumuuliza sababu ya sharti lake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kijana aliyeudhika huona kuuliza ni kujidhalilisha.

Nilikuwa nashona nguo, na kila mwezi nilikwenda Lilongwe kutafuta uzi na vitambaa. Katika mtaa wa Area 23 nilimfahamu mtunza bustani mmoja aliyefanya kazi kwenye nyumba kubwa upande mwingine wa mji. Bustani ile ilikuwa na dimbwi la mapambo, na ndani yake samaki wakubwa wa magamba mapana, wenye vindevu vinne mdomoni. Si kambale, kambale namjua. Alinieleza kwamba wanakula kila kitu, wanakua upesi, wanazaa sana, na hawafi ovyo. Kila sifa aliyoitaja ilipaswa kunitisha. Mimi nilisikia mboga ya ugali. Nikampa suruali niliyoishona mwenyewe, akanijazia dumu la vifaranga.

Nilirudi nyuma ya lori. Kila liliposimama nilitia mkono ndani ya dumu nikakoroga maji ili wapate hewa. Abiria mmoja aliniuliza nimebeba nini. "Mafuta," nikasema. Mafuta hayakorogwi, lakini alikuwa mtu wa adabu, akatazama barabara.

Samaki walikua kweli. Niliwalisha pumba za mahindi na majani ya maboga. Maji yangu yalijaa tope daima, kwa kuwa samaki wale hufukua chini kama nguruwe wakitafuta chakula, lakini sikujali. Mama alipokula wa kwanza alifumba macho, akatafuna polepole, akasema nimemrudisha nyumbani kidogo. Sitakudanganya, siku ile nilifurahi kuliko siku yoyote tangu tutoke kwetu. Kosa likikuletea furaha hulitambui upesi.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa fujo, tuta langu likabomoka upande wa kijito. Nilifika asubuhi nikakuta maji ya kifundo cha mguu na samaki watatu wakihangaika kwenye tope. Wengine wote walikuwa wameteremka kwenda bwawa la kijiji. Laiti ningekimbia kwa mfumu asubuhi ileile. Watu wangekuja na nyavu na vikapu, wangeziba mdomo wa kijito, pengine tungenusuru jambo. Badala yake nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba samaki wamekufa. Nikajenga tuta upya, nikaomba vifaranga vya mto ule kwa wenyeji, nikawa mtu mwema kwa macho ya watu.

Sasa nikueleze desturi ya kijiji kile. Kiangazi kikikolea na maji kupungua, mfumu hutangaza siku ya kuvua, na kabla ya siku hiyo hakuna mkono unaoingia bwawani. Wanawake wote huingia kwa safu, vikapu mikononi, wakiimba, wakichota matemba, samaki wadogo wasiozidi kidole. Huwakausha, wakawaweka kuwa mboga ya miezi ya njaa, wakati mahindi ya ghala yamekwisha na ya shamba hayajakomaa. Kiangazi cha kwanza baada ya tuta langu kubomoka walipata nusu ya kawaida. Wakasema ni mwaka mbaya. Nami nikasema hivyohivyo.

Kiangazi cha pili nilikuwa bustanini nikimwagilia, nikaona kwa macho yangu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mayungiyungi yaliyokuwa yakielea, ambayo matemba walitaga kwenye mashina yake, yalikuwa yameng'olewa na kuozea ukingoni. Wanawake walichota wakamwaga, wakachota wakamwaga. Wimbo ukafifia, ukakatika. Kisha bibi mmoja, agogo NaBanda, mkubwa kuliko wote, akahisi kikapu kikivutwa. Akakiinua kwa nguvu, na ndani yake mlikuwa na samaki wa urefu wa mkono, mwenye vindevu vinne. Samaki alijitupa mara moja, kikapu kikapasuka ubavu, akarudi majini. Bibi alibaki amesimama na kikapu chake kilichopasuka, akikitazama tundu lile, nami nikaona aibu iliyonifanya niiname nyuma ya mboga zangu.

Vijana wa kijiji wakaanza kusema wakimbizi wametia dawa majini. Mfumu akatuma ujumbe: wote wenye bustani wafike uwanjani kwake kesho asubuhi, na asipopatikana wa kueleza, bustani zote kumi na mbili zirudishwe. Nilimfuata Papa Asende mchana uleule, utetezi wangu ukiwa tayari mdomoni.

"Papa, ni mi nilileta ile samaki," nikamwambia. "Lakini bale bantu banatuchukia tu. Samaki mugeni habaitaki, muntu mugeni habamutaki. Ni kintu kimoja."

Alikuwa akichonga mpini wa jembe. Hakuacha kuchonga.

"We uko samaki?" akaniuliza.

"Hapana, papa."

"Pale tulifika hapa, nilienda kwa mfumu mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kufanya nini?"

"Kuomba."

"Ndio ile. Tuliomba, bakatuonyesha fasi ya kulima, bakatuambia kule musipite, na tukasikia. Ile samaki yako iliomba nani? Ukiiambia kesho isikule mayai ya ingine, itaacha?" Akaweka kisu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mugeni ni ule mwenye anauliza, mutoto wangu. Ule mwenye anaingia bila kuuliza, hana jina ya mugeni. Na we, siku ulisema zikomo na ukaenda kufanya yako, ulifanana na nani?"

Akaendelea, sauti ileile: "Na tuta ilipasuka lini?"

"Mwaka ya juzi."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, papa."

"Kesho hautanyamaza. Familia kumi na moja haziwezi kulala njaa juu ya aibu yako."

Nimekemewa mara nyingi maishani, mwanangu, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ni karipio hilo moja tu ninaloweza kukurudilia neno kwa neno.

Kesho yake nilisimama uwanjani kwa mfumu. Nikaeleza dumu, nikaeleza tuta, nikaeleza na uongo nilioukalia misimu miwili. Watu walinung'unika. Mfumu hakupaza sauti. Alisema kwamba alipokuwa mdogo, bwawa la kijiji cha wajomba zake lilitiwa samaki kama hao, na yeye mwenyewe aliliona likigeuka tope. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya sharti lake. Hakuwa amewafikiria wakimbizi hata chembe. Sababu ile ilikuwa hapo siku zote, na angenipa siku ya kwanza kabisa kama ningefungua kinywa.

Kisha agogo NaBanda akasimama. Aliniuliza swali moja: "Wataisha lini?"

Swali hilo nalibeba mpaka leo.

Mfumu akaamua. Bustani zibaki, kwa kuwa aliyekosa amejitaja mwenyewe. Kidimbwi changu kifukiwe. Na kila kiangazi, kabla ya siku ya wanawake, nije na wavu kuwatoa samaki wale mpaka waishe. Papa Asende alimshukuru kwa mikono miwili. Mimi nilichukua jembe nikaanza kufukia asubuhi ileile.

Nilivua viangazi saba. Nilitoa wengi, wakubwa kwa wadogo, na kila mwaka niliwakuta wengine wakiningoja. Baadaye alikuja bwana samaki wa serikali, akatembea ukingoni na buti zake, akasema wameshateremka mpaka mtoni, na mtoni hakuna awezaye kuwaita warudi. Maji yakimwagika hayazoleki, seuze maji yenye mayai ya samaki ndani yake. Tangu hapo nimesikia habari za wengine wakubwa kuliko mimi. Kuna walioingiza sangara katika Ziwa Viktoria, akawala wadogo waliokuwa humo kabla yake. Kuna waliopenda ua la zambarau la gugu maji, na leo mto Shire hapahapa Malawi unabeba gugu lile kama mzigo. Wote hao, naamini, walikuwa na nia nzuri. Hata mimi nilitaka tu mama ale samaki.

Kiangazi cha saba agogo NaBanda alinikaribisha kwake baada ya kazi. Alikuwa ameacha kunikasirikia zamani, na hilo liliniuma kuliko hasira. Akaniletea nsima, na mboga yake ilikuwa yule samaki wa vindevu, amechemshwa na nyanya. Tulikula pamoja na mjukuu wake wa kike. Nikamuuliza yule mtoto kama samaki ni mtamu.

"Mtamu," akasema. "Huyu ndiye samaki wa kwetu tangu zamani."

Nilimgeukia bibi, nikitaka amsahihishe. Bibi alimega tonge lake, akachovya, akala. Alifariki kabla ya mvua. Katika kijiji kile walibaki wachache wanaojua matemba wa bwawa lao walikuwa na ladha gani, na siku si nyingi watakuwa hawapo hao pia.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na nimeilipia. Usihamishe chenye uhai kutoka maji haya kwenda maji yale, hata kama ni kidogo cha kuingia mfukoni, hata kama ni ua zuri tu, hata samaki wa chambo aliyebaki kwenye ndoana, mpaka umewauliza wanaokunywa maji hayo. Mwenyeji akikupa sharti, usilipime kwa kidonda chako. Muulize lilizaliwaje. Na ukikosa, kwa kuwa utakosa, sema asubuhi ileile, wakati kijito bado kinazibika. Ukimya wangu ulikula samaki wengi kuliko samaki wangu.

Mungu akupe mahali pa kukaa, na akupe na watu wa kukueleza mahali hapo. Utakapochota maji, wanaokuja nyuma yako wayakute na vilivyo vyake ndani. Nenda salama.