Siku Niliyomwitia Kogo Watoto Wake

Ilianza Jumamosi ya likizo ya Agosti, saa tisa kasoro robo mchana, na ninaiandika kwa sababu kuisema kwa mdomo siwezi, hata kwenu nyinyi wasichana wa bweni letu mnaosoma daftari hili bila ruhusa (najua mnasoma). Nimeaibika mpaka kanisani nakaa nyuma ya nguzo.

Saa hiyo nilikuwa Kericho mjini, na kwa dirisha la duka la vitabu wamebandika karatasi kwamba Jumapili ya wiki ijayo ni Siku ya Nyanya na Babu, nunua kadi. Sijawahi kuisikia siku hiyo, lakini nikaona kadi yenye bibi kizee wa Kizungu amepakata paka, nikamfikiria Kogo, mama yake baba yangu, aliyenilea hapa Sosiot na ambaye sijawahi kumwambia nampenda, maana kwetu hayo hayasemwi, na mimi hata salamu huzitoa kwa shida. Nikainunua.

Mama akauliza hiyo siku imeletwa na nani. Nikasema ni ya duka. Akasema yeye humpelekea Kogo uji kila asubuhi na hajawahi kukumbushwa na duka, niachane na mambo ya kuuziwa. Mimi nikaona sasa kadi peke yake ni kidogo, heri wanawe wote waje wale pamoja naye, nikaandika barua mbili, moja kwa Baba Mkubwa kule Chebunyo, moja kwa shangazi kule Chepseon, na hapa ndipo nilipoharibu: niliona haya kutaja sherehe, wangenicheka, basi nikaandika tu, "Kogo anawataka nyote nyumbani Jumapili. Msikose."

(Hata mtoto mdogo wa huku angejua. Mjane mzee akiita watoto wake wote siku moja, ameona mwisho wake, anataka kuacha maneno na kugawa mali. Mimi wa kidato cha tatu ndimi niliyesahau.)

Jumapili hiyo tulipotoka kanisani tulimkuta shangazi amefika, macho mekundu, amelia njia nzima, amemshika Kogo miguu, na Kogo, aliyekuwa akipepeta wimbi, mzima kabisa, anamwuliza ni nani amekufa. Kabla hajajibiwa Baba Mkubwa akaingia na wazee wawili wa kushuhudia, na majirani nyuma yao. Akavua kofia.

"Mama, tumefika. Sema, tunasikia."

"Niseme nini?"

"Habari ya majani chai. Hii ya upande wa mto nilipanda mimi kabla sijahamia Chebunyo."

Baba yangu, mtu mpole, akasimama. "Na nani amepalilia miaka yote hii? Wewe ulikuwa huko unafuata ng'ombe."

Wakaendelea safu kwa safu, hata ng'ombe mwenye mimba akatajwa, na ikaonekana wazi kwamba kila mmoja alishagawa kichwani zamani. Mimi niko jikoni, kadi imelowa jasho, natamani ardhi ipasuke.

Mzee mmoja akauliza, basi barua iliandikwa na nani? Nikatoka. Nikasema ni mimi, ni siku ya duka, nikampa Kogo kadi kwa mikono miwili. Mzee akaniamuru niisome, nikasoma Kiingereza chake kwa sauti ya mbu na kutafsiri, na watu wakacheka, jirani mmoja akiuliza huyo paka naye amerithi safu ngapi.

Kogo hakucheka. Alimtazama mwanawe mmoja, kisha wa pili.

"Chelangat," akaniambia, "mimi sikujua kwamba wananingoja."

Kuku niliyempika hakuliwa. Duka silaumu, kadi haikumuumiza mtu, ni haya yangu. Sitaandika tena barua kwa jina la mtu mwingine, na lililo moyoni nitalisema hata nikitetemeka.

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda shambani umande haujakauka. Kogo alishaanza kuchuma, lakini safu za upande wa mto alikuwa amezipita, kama si zake tena. Nikamwambia, "Kogo, nisamehe." Akaendelea kuchuma. Nikachukua kikapu kingine, nikaingia safu zile za mto, nikachuma mpaka kikajaa, nikarudi nikamimina ndani ya chake. Hakukataa. Hakuniangalia pia.