Kufuli la Nzilani

Linet namjua tangu akivaa sketi ya shule niliyomshonea mimi mwenyewe, na si msichana mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikifika katikati hasira itanisahaulisha.

Kazi yake ni kutembeza watalii mtaani kwetu, huku nyuma ya soko la Machakos. Mtaa wetu ni mkongwe. Mji huu ulikuwa na ofisi za serikali wakati Nairobi hakuna hata duka la chumvi, na wageni hupenda kuambiwa hivyo. Basi kila Jumanne na Jumamosi Linet huwasimamisha pale kwenye kona, karibu na cherehani yangu, akawapa masharti. Salimieni kwanza. Msipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Msichungulie madirishani mwa watu. Mtu akikataa, mshukuruni, mwende zenu. Nao hutii, siwezi kuwasingizia. Kuna mmoja aliniomba ruhusa ya kumpiga picha paka ambaye hata si wangu.

Nyumba ya mwisho katika matembezi hayo ni ya mama yake, Nzilani, mjane wa miaka sabini na miwili. Ina kuta nene za mawe na mlango wa mbao wa zamani ambao wageni huupapasa. Linet husimama kizingitini na kuuliza, "Mwaitu, tunaweza kuingia?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Na Nzilani hujibu, "Karibuni, karibuni." Miaka mitatu, jibu ni lile lile. Hapo Linet huwageukia wageni na kuwaambia kwamba hapa hatuingii kwa mtu bila yeye kukubali.

Kukubali gani? Mwanamke wa Kikamba wa umri ule hana neno la kumkatalia mgeni aliyekwisha kusimama mlangoni. Halipo. Na mgeni akishaingia hatoki bila kutia kitu mdomoni, kwa hiyo chai inapikwa, viazi vitamu vinamenywa, na mwenyeji haondoki kwake mpaka wa mwisho amelamba vidole. Linet amelelewa katika nyumba hiyo, anayajua yote. Lakini alienda chuo cha utalii, akafundishwa kwamba ukishauliza umemaliza heshima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wageni huja wapya kila mara, kwa hiyo siku ya tatu haifiki, na jembe lililokaa bure ni la Nzilani.

Ana shamba Kalama, alikozikwa mumewe. Kwetu mbegu huwekwa ardhini udongo ukiwa mkavu, kabla ya mvua. Ukingoja ikunyeshee ndipo uanze, umechelewa. Misimu miwili alikuwa amekosa. Kila alipomwambia Linet anataka kwenda kupanda, aliambiwa, "Baada ya hili kundi, mwaitu." Makundi hayakuisha. Nilimwona mama huyo akikonda ndani ya nyumba yake kama mtu aliyefungwa, na mfungaji ni mtoto wake anayempenda.

Mwisho wa Oktoba alikuja kwangu Jumatatu jioni, ameficha kufuli chini ya leso.

"Ndanu, kesho Kyalo anapita saa nne na pikapu. Ng'ombe wake watanilimia siku hiyo moja tu, halafu anaenda kwa watu wengine."

"Si uende?"

"Wageni wako saa tatu na nusu. Wakinikuta, nimeisha. Wewe utanifungia kwa nje. Wakiona kufuli watarudi. Kyalo akipiga honi, unanifungulia."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki.

Jumanne asubuhi, Linet akiwa ameshaenda kupokea wageni, nikamfungia mama yake. Ndani alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni, kiondo cha kunde na mahindi mapajani, dirisha limefungwa. Nikarudi kwenye cherehani, hatua chache tu kutoka mlango huo, ufunguo uko mfukoni, nikashona mshono mmoja mara mbili. Nilijiona kama askari jela.

Wageni walifika saba. Linet akaona kufuli, akashangaa. Akanitazama; mimi nikatazama sindano. Laiti angeondoka hapo hapo. Lakini mazoea yana taabu. Akaukaribia mlango, akagonga kidogo, akauliza kama siku zote, "Mwaitu, tunaweza kuingia?"

Halafu kutoka ndani, polepole, sauti ya mtu aliyeshindwa:

"Karibuni."

Wageni wakatazama kufuli, wakatazamana. Linet akageuka rangi. "Anti Ndanu, nani amemfungia mamangu?"

"Mwenyewe," nikasema.

"Ndanu, fungua!" Nzilani akaita. "Unaacha wageni kwa jua?"

Nikafungua. Ningefanya nini? Alikuwa ameshavua viatu, anawasha jiko. Linet aliingia akaona kiondo cha mbegu kitandani, akakishika, akakiweka chini taratibu. Wageni waliketi, wamenyooka kama watoto kanisani, wakijua kuna jambo na hawajui ni lipi.

Chai ilikuwa inamiminwa Kyalo alipopiga honi. Mkono wa Nzilani ukasimama, kisha ukaendelea na kikombe cha pili. Nilikimbia barabarani nikamsihi Kyalo angoje. Akasema watu wanne wanangoja hao ng'ombe, naye anaona mawingu. Akapiga honi mara ya tatu, akaenda. Nilitukana, nakiri, na si kwa sauti ndogo.

Niliporudi Linet alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mama yake, anasema kwa Kikamba, machozi yanamlengalenga. "Mwaitu, niambie ukweli. Unataka hawa watu waje hapa au hutaki?"

Nzilani alimpa mgeni wa mwisho kikombe kwa mikono miwili, akatabasamu naye mpaka akakishika vizuri. Ndipo akajibu, bado anatabasamu, kwa Kikamba hicho hicho.

"Linet, hilo unaniuliza mbele yao? Miaka mitatu tumelala nyumba moja, usiku wote huo tukiwa wawili tu, hukuniuliza. Sasa wako na chai mkononi, unataka niseme nini?"

Mama mmoja mgeni, mwenye kofia pana, aliinua kamera yake kwa adabu na kuuliza kwa Kiingereza mwenyeji amesema nini, na kama anaweza kumpiga picha.

Linet akafuta macho, akasimama, akawaambia mama amefurahi sana kuwaona, na wapige tu.