Matangazo ya Vifo Yasiyofika Izigo

Barua ya meneja ilimtaka ajieleze kabla ya Ijumaa. Aliileta Jumatatu mchana kwenye kibanda cha fundi redio pale Kashai, ambako huwa napita nikitoka kufundisha. Mimi na fundi tunapenda redio kuliko inavyotufaa. Kituo kidogo cha hapa mjini kikipata hitilafu hutuita, nasi huenda mbio kama tumealikwa harusini.

Mwenye barua alikuwa mtangazaji wa kituo hicho, anayesoma matangazo ya vifo. Familia moja ya Kitendaguro ililalamika kwamba tangazo la msiba wao halikusomwa. Dada wa marehemu, mama mzee aliyeolewa Izigo, alisikiliza matangazo ya mchana akaambulia muziki tu. Simu yake ilikuwa mbovu, na kwa wazee wa huku msiba haujawa msiba mpaka redio itaje siku, saa na kibanja atakamozikwa mtu. Alipata habari kwa mpita njia, kesho yake. Alipofika kwa kaka yake alikuta udongo mbichi na watu wanaondoka.

Hiyo ilikuwa familia ya tatu kulalamika tangu kituo kinunue mtambo mpya na kuanza kurusha kwa stereo.

"Nililisoma, Mwalimu," mtangazaji aliniambia. "Mara mbili. Meneja anasema niliacha muziki ucheze wenyewe, nikaenda kunywa chai."

"Na chai ulikunywa?" fundi akauliza.

"Mimi nafukuzwa kazi, wewe unaleta utani."

"Siyo utani. Nataka kujua kama ulitoka."

"Sikutoka! Nilirekodi asubuhi, nikaweka muziki wa chini kama kawaida, likarushwa."

Rekodi hizo hufutwa kila jioni kupisha za kesho, kwa hiyo hakuwa na ushahidi. Alibaki na neno lake tu, na meneja alikuwa amekwisha kuamua neno hilo lina uzito gani.

Fundi alishuku mtambo mpya. Alisema mawimbi ya stereo huchoka mapema njiani, na Izigo ni mbali kidogo. Niliandika hilo kwenye daftari langu kama jambo la kwanza la kupima. Jumatano, siku ambayo sikuwa na vipindi, tulipanda pikipiki yake tukaenda.

Mama mzee alitupokea kwa heshima, lakini bila tabasamu. Alidhani tumetumwa na kituo kuja kumbembeleza. Redio yake ndogo ya betri, yenye spika moja, ilikuwa juu ya kiti mlangoni. Saa saba kamili mtangazaji wa zamu alisalimia wasikilizaji, sauti yake safi kabisa. Akasema sasa ni matangazo ya vifo. Muziki wa huzuni ukaanza.

Tukasubiri. Muziki uliendelea. Nyuma yake palikuwa na kitu kama mtu anayenong'ona ndani ya mtungi, kisha hata hicho kikapotea.

"Mnaona?" mama mzee alisema. "Ndivyo walivyomfanyia kaka yangu."

Fundi alikuwa amechomeka hedifoni kwenye simu yake na kufungua kituo kilekile. Uso wake ulibadilika. Aliniwekea moja sikioni: mtangazaji wetu alikuwa anasoma, taratibu, majina ya wafiwa wa Kamachumu.

Tulimpa mama mzee asikilize. Alisikiliza kidogo, akavua, akaitazama simu, kisha akatutazama sisi.

"Hii mmeiweka wenyewe humu ndani."

"Hapana, mama, ni kituo kilekile," nilisema.

"Basi kwa nini yangu haisemi? Huyu binti anawasomea wenye simu kubwa tu?"

Fundi alicheka, mimi sikuweza. Aligeukia Kihaya akamweleza polepole, na kwa kumsikiliza nami nikaelewa. Sauti ya stereo ina pande mbili. Redio yenye spika moja huzijumlisha zikawa moja. Pande hizo zikiwa kinyume, huu ukisukuma wakati ule unavuta, zinauana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja ndani na mwingine nje. Muziki haukuwa na kasoro hiyo. Sauti ya mtangazaji ndiyo iliyojiua. Kasoro haikuwa angani wala Izigo. Ilikuwa mahali fulani kati ya kinywa cha yule binti na kompyuta ya kurekodia, maana mtangazaji wa zamu, aliyesema moja kwa moja, alisikika vizuri.

Katika chumba cha kurekodia palikuwa na kipaza sauti, mashine ndogo ya kukikuzia sauti, na waya mmoja unaokwenda kwenye kompyuta.

Waya huo niliutengeneza mimi.

Nilikumbuka hapohapo, huku fundi bado anaongea. Wa zamani ulikatika, nikajitolea kuwalehemia mwingine. Nilitumia waya wa nyuzi tatu kwa sababu ndio niliokuwa nao, nikaunga kila uzi kwenye pini yake bila kuuliza kompyuta ingezisomaje. Mashine ile hutoa sauti ileile mara mbili, ya pili ikiwa kinyume, ili kuzuia mikwaruzo njiani. Kompyuta ilizipokea kama kulia na kushoto. Mtambo wa zamani ulirusha upande mmoja tu, kwa hiyo kosa langu lilikaa humo kimya. Stereo ndiyo iliyolifufua.

Njia nzima ya kurudi sikumwambia fundi. Najua ni kwa nini: nilikuwa natafuta jinsi ya kulieleza lisifanane na kosa langu.

Tulifika kituoni jioni. Fundi alichomoa ule waya, akafungua pini, akaona. Nadhani alizitambua lehemu zangu, maana huwa ananicheka kwa jinsi zinavyovimba. Aliuweka mezani.

"Nani amechezea hizi waya?" meneja aliuliza. Alikuwa anamtazama mtangazaji.

"Mimi sijui waya, bosi. Mimi nasoma tu."

"Wewe ndiye unayekaa humu kila siku."

Nilikuwa na kalamu mkononi na daftari limefunguliwa. Nilinyamaza muda wa kutosha mtangazaji kuanza kulia. Ndipo nikasema ni mimi. Meneja alidhani namkingia kifua, ikabidi niseme mara ya pili, kwa sauti kubwa, nikitaja hata siku niliyouleta waya huo nikapongezwa.

Barua ilifutwa Alhamisi. Fundi alitengeneza waya mwingine. Mtangazaji hakunishukuru, na alikuwa sahihi. Alisema jambo moja tu: "Jumamosi twende Izigo, Mwalimu. Ukamwambie wewe."

Tulikwenda. Mama mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akamwomba binti amsomee tangazo lilivyokuwa. Karatasi ya familia ilikuwa bado kwenye faili, na mtangazaji alikuwa ameibeba. Alisimama uani akasoma kwa sauti ile ya kazi: jina la marehemu, kibanja, siku, saa kumi alasiri, na habari ziwafikie. Jina la mama mzee lilikuwa la kwanza kati ya waliotajwa.

"Ulilisoma lini?"

"Siku ileile ya maziko, bibi. Saa moja asubuhi, tena saa saba mchana."

Alifikiri.

"Saa moja nilikuwa kibanjani. Saa saba nilikuwa hapa, nachambua maharage, redio naisikia. Ningepata gari la saa nane."

Alinigeukia mimi, si binti.

"Ningefika," akasema.