Mwenyeji wa Baa ya Walowezi

Kila asubuhi kabla ya kufungua lango, mlinzi wa ile baa ya kale ya walowezi, juu huko njia ya Pinetown, kusini kabisa mwa bara, hugusa mfuko wa shati kuhakikisha kibali chake cha ukaazi kimo ndani ya nailoni, kisha hufuta kibao cha shaba kwa mkono wa sweta. Baa yenyewe imebaki kuta tatu na jiko, lakini yeye huwatembeza watu kama yuko kwa babu yake. Kwa vidole vinene vya mtu aliyelima michikichi kwao Kigoma huonyesha mahali ng'ombe waliovuta magari ya walowezi walipofunguliwa. “Walifika bila kibali,” husema kwa sauti ya mahubiri, “wakajenga baa kwanza, kanisa likafuata.” Wageni hucheka. Yeye hacheki.

Juzi alikuja mama mmoja mzungu, kitukuu wa mwenye baa wa kwanza. Alimsahihisha tarehe mbili, akapigapiga ukuta kama anayekagua urithi, kisha akauliza kwa upole kabisa, “Na wewe baba, kwenu utarudi lini?”

Mkono wa mlinzi ukaenda mfukoni. “Huu mwaka wa kumi na tisa niko hapa, mama,” akajibu, akamsogezea kitabu cha wageni, maana jikoni haingii mtu bila kusaini. Mama akaandika jina la ukoo kwa herufi kubwa, na penye makazi akaandika Perth, Australia. Mlinzi akasoma polepole, akatoa funguo.

“Karibu, mgeni,” akasema. “Angalia kizingiti. Watu wa kuja hujikwaa hapo.”