Nyumba ya Mjane na Fundi Aliyengoja Mvua

Tulipopata nyumba ya kununua Kashikishi, mume wangu aliizunguka mara moja, akaupiga ukuta kofi kama anavyopiga tairi la lori lake, akasema, "Nzima." Kwake ukaguzi ulikuwa umekwisha. Yeye ni Mzambia, mzaliwa wa Nchelenge, dereva wa malori ya samaki yanayokwenda Kitwe na Ndola, na amezoea kuamua haraka. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Mweru, Pweto, upande wa Kongo. Nikiwa na miaka tisa niliona ukuta wa jiko letu ukianguka asubuhi moja, hakuna upepo, hakuna mvua, mama yangu amesimama hatua tatu tu nje ya mlango. Hakuna aliyejua kwa nini ulianguka. Watu wazima walisema ni bahati mbaya wakaendelea na kazi zao. Mimi sikuridhika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mabati juu, mahali palipoinuka kidogo hivi kwamba ukikaa barazani unaona ziwa. Mwuzaji alikuwa mjane, mwalimu mstaafu. Tulimwita bamayo, yaani mama kwa Kibemba. Marehemu mume wake aliijenga kwa mikono yake, na sasa binti yao alitaka mama yake ahamie kwake Mansa.

"Nataka mtu aje aiangalie," nilimwambia mume wangu.

"Si nimeshaiangalia?"

"Mtu anayejua."

Alicheka, lakini hakukataa.

Mimi nauza chisense, dagaa wadogo wa Mweru, na sokoni hakuna habari usiyoweza kuipata ukiuliza watu watatu. Mwanamke wa tatu aliniambia kuna mwashi mzee, mkimbizi kutoka Likasi, anakaa kwenye makazi ya Mantapala. Magoti yalikuwa yamemkatalia kupanda jukwaa la ujenzi, kwa hiyo siku hizi anawaangalilia watu nyumba kabla hawajanunua. Nilimpigia simu.

"Bonjour, mama," alisema. "Nyumba iko wapi?"

"Kashikishi, papa. Unaweza kuja kesho?"

"Kesho mvua itanyesha?"

"Sidhani."

"Bon, kesho hapana. Miye siangaliake nyumba pa jua. Ngoja mvua. Ikianza, unipigie tena, nitakuya."

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, anga nyeupe, joto limekaza. Tulingoja siku kumi na moja. Mume wangu alikwenda Ndola na kurudi, akanikuta nimesimama uani nikitazama mawingu upande wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. "Umeanza kuwa mkulima," aliniambia. Bamayo naye alianza kuwa na wasiwasi, akatuma watu kuuliza kama tumebadili nia. Nilimwambia ukweli, kwamba tunangoja mvua, na nadhani aliona nimerukwa na akili.

Siku ya kumi na mbili ilinyesha tangu asubuhi. Mzee alifika kwa pikipiki ya kukodi, amejifunika karatasi ya nailoni, na mfuko wa salfeti mgongoni. Ndani yake mlikuwa na nyundo ndogo, timazi ya risasi kwenye kamba, tochi, kipande cha chaki, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Hakuwa na kitu kingine.

Bamayo alimpokea mlangoni, mikono kifuani. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kununulia na kuuzia, lakini siku ile alisema waziwazi: "Mume wangu alikufa. Wewe unakuja kumupima?"

"Hapana, mama," mzee alisema, akavua kofia yake iliyolowa. "Miye naangalia nyumba tu. Yeye sikumujua. Lakini pengine nyumba itanielezea kidogo."

Bamayo akasogea kando tupite.

Nilidhani ataanza kupima. Aliomba kiti, akakaa katikati ya sebule, akafumba macho. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Mume wangu alinitazama kwa ile sura yake ya kuuliza tumelipia nini. Baada ya dakika kumi hivi mzee alinyoosha kidole bila kufumbua macho, kwenye kona ya kulia. "Pale maji inaingia." Hatukuona kitu. Mume wangu alipanda juu ya meza, akapitisha mkono kati ya ukuta na bati, akautoa umelowa. Tangu hapo hakunitazama tena kwa sura ile.

Baadaye mzee alisimama, akawasha tochi, akaibandika kando ya ukuta ili mwanga uteleze juu ya lipu. Ghafla ukuta uliokuwa laini ulionekana umejaa mawimbi. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Niliinama karibu naye kama mtoto anayechungulia kisanduku cha mwenzake.

"Huyu alikuwa anatumika kazi na mukono ya kushoto," alisema.

Bamayo alishika mdomo. "Nani amekuambia?"

"Angalia. Mwiko ilikuwa inatokea huku, inaenda huku. Kila pahali. Na hapa," aliugonga ukuta wa pili kwa kifundo cha kidole, "simenti ilipunguka. Kule iko ngumu, hapa iko muchanga. Kulikuwa nini mwaka ile?"

Bamayo alifikiri. "Mtoto wa tatu alizaliwa mgonjwa. Tulikaa hospitali miezi miwili. Yeye alikuwa anarudi hapa peke yake, anajenga na kile anapata." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mimi sikujua alipunguza simenti. Aliniambia tu, imekwisha."

Kuanzia hapo alitufuata chumba hadi chumba. Alikuwa ameanza kwa kuilinda nyumba, sasa alikuwa anauliza maswali mengi kuliko mimi. Kwa nini huu mlango uko chini kuliko ule? Kwa nini dirisha hili? Mzee alijibu yote. Juu ya dirisha la jikoni palikuwa na ufa, na alieleza kwamba hakuna nondo pale, ni mbao tu, na mbao imechoka. Kwenye paa alituonyesha mistari ya udongo ya mchwa. Alijaza maji kwenye ule mpira, mume wangu akashika ncha moja na mimi nyingine, tukaona kwa macho yetu kwamba sakafu ya sebule iko sawa kabisa toka ukuta hadi ukuta. "Fondasyo, musingi yake, alifanya muzuri sana," mzee alisema, na bamayo alitabasamu kama aliyesifiwa yeye.

Tulipumzika kidogo kwa chai. Nikachukua nafasi hiyo kumwuliza kuhusu ukuta wetu wa Pweto. Nilimweleza asubuhi ile yote.

"Maji ya kuoshea masahani mulikuwa munamwanga wapi?" aliuliza.

"Nje."

"Nje wapi?"

Nikakumbuka. Tulikuwa tunamwaga palepale, chini ya ukuta, kila siku, mimi na dada zangu, kwa sababu palikuwa karibu na mlango. Tofali zilikuwa mbichi, za udongo wa jua.

"Njo ile maji," alisema, akanywa chai yake.

Miaka thelathini nilikuwa na swali, na jibu lilikuwa beseni nililolibeba mwenyewe. Sikujua nicheke au nifanye nini. Nilimpigia mama yangu jioni yake nikamwambia, akauliza ni nani huyo mzee na kama ana mke.

Tuliingia chumba cha mwisho, chumba cha kulala cha bamayo, kilichojengwa baada ya vingine upande wa nyuma. Mzee alianza kugonga sakafu kwa nyundo yake, polepole, kutoka mlangoni. Ko, ko, ko. Alipofika kwenye kitanda sauti ilibadilika. Haikuhitaji fundi, hata mimi niliisikia. Ilikuwa kama mtu anagonga ngoma iliyofunikwa blanketi.

Alisimama. "Mama, chini ya kitanda kuko nini?"

Bamayo alikaa kwenye kisanduku kando ya ukuta, akaangalia mvua dirishani. Mume wangu aliongea naye kwa Kibemba, kwa upole, na ndipo alipotueleza, mara kwa Kibemba na mara kwa Kiswahili.

Palikuwa na kisima. Mumewe alikichimba akiwa kijana, yeye na baba yake, kabla hata nyumba haijakuwepo. Siku moja mtoto wao wa pili, miaka mitatu, alikutwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani, anarusha vijiti na kusikiliza vikianguka. Baba alimwendea taratibu, asimshtue, akamnyanyua. Mchana uleule alianza kukifunika kwa mbao, akazipigia simenti juu. Lakini bado hakulala vizuri. Mwaka uliofuata akajenga chumba juu yake, na kitanda chao akakiweka palepale, ili asije mtu mwingine kukifungua.

"Kwa nini hakukijaza udongo?" niliuliza.

"Baba yake alikufa," bamayo alisema. "Alisema hawezi kufukia kazi ya mikono ya baba yake."

Hakuwa ametuficha. Nilimwamini na bado namwamini. Kwake kile kisima hakikuwa kasoro ya nyumba. Kilikuwa jambo lililokwisha, lililotunzwa na mtu aliyekwisha.

Mzee alimwuliza kama anaruhusu tufungue kidogo. Alisema fungueni. Tulikitoa kitanda, mume wangu akaazima sululu kwa jirani, lakini mzee alimzuia, akatuambia sote tusimame kando ya ukuta. Alilala kifudifudi, magoti yake yakilalamika, akagonga kwa ile nyundo ndogo. Simenti ilikuwa unene wa vidole viwili. Kipande kilivunjika, akaingiza mkono, akatoa kile kilichokuwa mbao. Kilikuwa kama mkate uliokauka. Alikisaga kwa vidole kikawa vumbi. Mchwa walikuwa wamekula boriti zote. Akadondosha kokoto. Tulisikia kimya, kisha maji.

Bamayo alikuwa anaangalia alama nne za miguu ya kitanda sakafuni, mbili kati yake zikiwa ndani kabisa ya duara ambalo mzee alikuwa amelichora kwa chaki kufuata ile sauti. Alikuwa amelala pale juzi, na jana.

Siku ileile tulimhamishia godoro sebuleni. Mzee alitoa maoni yake barazani, kwa maneno machache: vyumba vitatu vizuri, vitengenezwe paa na dirisha la jikoni, cha nne kibomolewe, hakuna dawa nyingine. Mume wangu alitaka tuache kabisa. Alisema hataki nyumba yenye shimo. Mimi, sijui kwa nini, sikuwahi kuitaka kama wakati ule. Nilikuwa naijua sasa. Nilijua mwaka ambao simenti ilipungua na nilijua sakafu iliyo sawa. Nyumba nyingine yoyote ambayo tungeitazama ingekuwa na mambo yake, na nani angetuambia? Tulibishana njiani hadi nyumbani, na siku mbili baadaye alikubali. Bamayo alipunguza bei mwenyewe, hatukumwomba.

Alihamia Mansa kwa binti yake, nasi tukahamia kwenye nyumba. Kiangazi kilichofuata tulibomoa kile chumba, mzee akisimamia kutoka kwenye kiti chake. Matofali mengi yalikuwa mazima, tukayatumia kujengea ukuta wa kisima, kimo cha kiuno, na mfuniko wa bati wenye kufuli. Mfanyakazi wa afya wa pale karibu alichukua maji ya kupima, akatuambia tusiyanywe kwa sababu vyoo vya majirani viko karibu. Tunafulia, tunamwagilia mboga, na tulichanganyia simenti ya chumba kipya, ambacho tulikijenga upande wa mbele.

Pasaka bamayo alikuja kututembelea. Niliogopa kidogo, nikidhani ataumia kuona chumba chake hakipo. Alipita ndani haraka, akasema rangi ya sebule ni nzuri, akaenda moja kwa moja nyuma. Aliomba nifungue kufuli. Aliteremsha ndoo mwenyewe, kwa kamba, kwa mikono inayojua kazi hiyo, akaipandisha, akajaza kikombe, akakiinamia.

"Bamayo, wamesema hayanyweki," nilimwambia.

"Nimesikia," alisema, na alikuwa ameshakunywa.

Alikaa kwetu siku tatu. Hakuumwa.